MATE BADALA YA KIJITI CHA PUANI
Njia nyengine ya kupima maradhi ya njia ya pumzi



Tangu baridi ilipoanza kuuma, suali moja limekuwa likitufikia kila pahali, katika mabaraza ya kina mama na hata ukumbini baada ya sala ya Isha: je, hakuna njia nyengine ya kumpima mtu Korona au mafua makali isipokuwa kumtia kijiti puani? Vijana huliuliza kwa mzaha. Wazee huliuliza kwa dhati, na sisi tunaoandika kurasa hizi tunayo sababu ya kutolicheka.

Bibi mmoja katika jamaa zetu, aliyekwishapita miaka sabini, alitakiwa mwaka 2021 apeleke cheti cha kipimo cha PCR kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kusafiri, kama lilivyokuwa sharti la wakati ule kwa waliokuwa wakienda Unguja. Alikuwa akienda kumwoza mjukuu wake. Tukampeleka kwenye kituo kimoja cha kulipia. Aliyempima alikuwa na haraka, na hakuuliza kama bibi anatumia dawa yoyote. Ilhali bibi hutumia, kwa ajili ya moyo, dawa za kuifanya damu iwe nyepesi. Kijiti kilipotoka, damu ilikifuata, nayo haikukatika mpaka kanga moja nzima ikawa haifai tena. Arusi aliihudhuria, lakini tangu siku ile aliapa kwamba pua yake haitaingizwa kitu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alishikwa na homa na kikohozi, akanyamaza siku tano. Kila alipoulizwa alisema ni baridi tu ya nchi hii. Siku ya sita hakuweza kupanda ngazi, akachukuliwa hospitali hana pumzi, na huko ikaonekana kuwa ni influenza. Sasa, dawa ya influenza iitwayo oseltamivir hufaa zaidi inapoanzwa ndani ya saa 48 tangu mtu aanze kuumwa, na ile ya Korona iliyochanganywa nirmatrelvir na ritonavir haina budi ianzwe ndani ya siku 5. Madaktari walimpa dawa hata hivyo, naye alilala huko siku tisa. Alhamdulillahi alirudi nyumbani. Lakini alipoulizwa na mwanawe kwa nini hakusema mapema, jawabu lake lilikuwa fupi: «Mngenitia kile kijiti.»

Kwa hivyo tumeona tuandike juu ya mate.

Kwanza tukitendee haki kijiti chenyewe. Virusi vingi vya njia ya pumzi, vikiwemo vya influenza, vya Korona na vile vya RSV vinavyowasumbua watoto wachanga na wazee, hukaa na kuzaana katika utando wa sehemu ile ya nyuma kabisa ambapo pua hukutana na koo. Kuifikia sehemu hiyo kunahitaji kijiti chembamba, chenye kunyumbulika, chenye manyoya laini ya nailoni kwenye ncha. Kijiti hupitishwa chini, sambamba na kaakaa, wala hakielekezwi juu kama wengi wanavyodhani, kikafika nyuma, kikazungushwa na kuachwa kidogo ili kinyonye majimaji. Anayejua kazi yake huifanya kwa muda mfupi. Huwasha, hutoa machozi, na mara nyengine humfanya mtu apige chafya au akohoe usoni mwa anayempima, jambo ambalo lenyewe ni hatari kwa mhudumu.

Madhara makubwa ni nadra mno, na tungependa jambo hili lieleweke vyema ili mtu asikimbie kipimo kwa sababu ya kisa cha bibi yetu. Katika mji wa Helsinki, nchini Finland, madaktari walipitia hesabu ya vipimo zaidi ya 640,000 vya Korona, wakakuta watu 8 tu waliolazimika kuletwa kwa dharura: wanne kwa kutokwa damu na wanne kwa kukatikiwa na kijiti ndani ya pua. Lakini mwenye kutumia dawa za damu, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa pua au wa sehemu ya chini ya fuvu, aseme kabla hajapimwa. Huko Marekani mwaka 2020 iliandikwa habari ya mwanamke mmoja ambaye, kwa kuwa alikuwa na kasoro ya mfupa asiyoijua, kijiti kilimsababishia kuvuja maji ya ubongo. Hicho ni kisa cha pekee; hata hivyo kinatosha kumfanya mpimaji aulize.

Habari ya mate haikuanza kwa sababu ya maumivu, bali kwa sababu ya uhaba. Mwezi wa Machi 2020, ulimwengu mzima ulipotaka vijiti kwa siku moja, ilidhihirika kwamba watengenezaji wakubwa wa vijiti hivyo walikuwa wachache sana, na wawili mashuhuri kati yao ni Copan, ulioko Brescia kaskazini mwa Italia, na Puritan, ulioko katika mji mdogo wa Guilford, jimbo la Maine. Brescia ndipo hasa maradhi yalipokuwa yamepamba moto. Marekani ikafikia kutuma ndege za jeshi kwenda Italia kuchukua vijiti. Ndipo watu wa maabara walipojiuliza: kuna kitu gani kila mwanadamu anacho, kisichohitaji kiwanda?

Wasomaji waliolea watoto Uingereza huenda wakakumbuka kwamba jambo hili halikuwa geni kabisa. Tangu katikati ya miaka ya 1990, daktari wa hapa akishuku kuwa mtoto ana surua, familia hupelekewa kikasha kidogo chenye sifongo ya kupaka ufizini, hukusanya majimaji ya kinywa, nayo hurudishwa maabara kwa posta. Mtoto hachomwi sindano wala halii. Na waliopimwa Ukimwi kwa kile kipande cha kupitisha juu ya ufizi wanajua pia, ingawa hapo ipo tofauti moja tusiichanganye: kipimo cha Ukimwi cha kinywani hutafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza, wala hakitafuti virusi vyenyewe, na Ukimwi hauambukizwi kwa mate. Katika Korona na mafua, mate hutafutwa virusi vyenyewe.

Waliotangulia walikuwa wa Hong Kong. Mwezi wa Februari 2020, Kelvin To na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 12 waliojulikana kuwa na Korona, 11 walionekana virusi katika mate yao waliyoyakohoa kutoka kooni. Hawakuyaanza mate siku ile. Walikwisha kuyachunguza kwa virusi vyengine vya pumzi miaka ya nyuma. Huko Marekani, mwezi wa Aprili 2020, maabara ya Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, ilipata kibali cha dharura cha kwanza cha kupima Korona kwa mate.

Utafiti uliowashawishi wengi ni ule wa Chuo Kikuu cha Yale, ulioongozwa na Anne Wyllie. Walichukua wagonjwa 70 waliolazwa hospitali ya New Haven, kila mmoja akatoa mate na akatiwa kijiti. Katika siku 5 za mwanzo baada ya maradhi kujulikana, mate yalionesha virusi kwa asilimia 81, na kijiti kwa asilimia 71. Kisha wakawapima wahudumu wa afya 495 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Mate yakawafichua 13 kati yao. Tisa katika hao 13 walikuwa wamejitia na kijiti siku hiyo hiyo, na saba kati ya hao tisa kijiti kilisema hawana kitu. Mtu atuwie radhi kwa kurundika hesabu, lakini hapo ndipo palipo na nguvu ya hoja: watu saba wangeliingia wodini wakiwa na hakika kwamba wao ni wazima.

Watafiti hao wakatengeneza njia waliyoiita SalivaDirect, iliyopata kibali cha dharura mwezi wa Agosti 2020. Baadhi ya fedha za kuijaribu zilitoka kwa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, pamoja na chama cha wachezaji wake, nao wachezaji wenyewe wakatema mate. Siri yake ni wepesi. Mate hayatiwi dawa ya kuyahifadhi. Maabara huyachanganya na kimeng'enya kimoja chenye kuvunja protini, huyapasha moto hadi nyuzi 95 kwa dakika chache, kisha huyaingiza moja kwa moja katika mashine ya PCR, bila ile hatua ndefu na ghali ya kuchuja chembe za urithi. Gharama ya dawa za maabara ilikadiriwa kuwa baina ya dola 1.29 na 4.37 kwa sampuli moja. Yale hawakuiuza, waliitoa kwa kila maabara inayotimiza masharti. Chuo Kikuu cha Illinois nacho kilibuni njia yake ya kuchemsha mate, na katika msimu wa masomo wa mwaka 2020 kikawapima wanafunzi na walimu wake mara mbili kwa wiki. Hapa Uingereza, mji wa Southampton ulifanya jaribio lake mwaka huo huo, watu wakitemea kichupa nyumbani kwao.

Lakini kilichotufurahisha zaidi ni Japani. Wizara ya afya ya huko ilikubali mate mwezi wa Juni 2020, na baadaye wasafiri waliokuwa wakishuka katika viwanja vya ndege waliingizwa kila mmoja katika kibanda chake na kupewa kichupa. Ukutani mbele yao zilibandikwa picha za malimau na za zile plamu za chumvi kali ziitwazo umeboshi, ili mtu azitazame mate yamtoke. Nadhani kwetu ingetosha picha ya embe bichi lenye pilipili na chumvi.

Kwa nini virusi viwe mateni? Zamani ilidhaniwa kwamba huchuruzika tu kutoka puani au hupandishwa na kikohozi kutoka mapafuni. Mwezi wa Machi 2021, wanasayansi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wenzao walionesha kwamba virusi vya Korona huingia na kuzaana ndani ya tezi za mate zenyewe na katika utando wa kinywa. Kwa maana hiyo, kinywa ni pahali pa maradhi na si njia ya kupitia tu. Hilo husaidia kueleza pia kwa nini wengi walipoteza ladha ya chakula.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba mate yameshinda. Wanavyuoni wa tiba walipozikusanya tafiti 16 zenye watu zaidi ya 5,900 na kuzichapisha mwezi wa Januari 2021, walikuta kwamba mate hugundua maradhi kwa kiasi cha asilimia 83, na kijiti cha nyuma ya pua asilimia 85. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Huwa kubwa au hupotea kwa kutegemea siku ya maradhi, namna mate yalivyochukuliwa, na aina ya virusi. Aina ya Omicron ilipozuka mwishoni mwa mwaka 2021, watafiti wa Cape Town waliona kwamba kwa aina hiyo sampuli ya kinywani ilifanya vizuri kuliko ya puani, na kwa Delta iliyoitangulia mambo yalikuwa kinyume. Kwa influenza na RSV ushahidi upo lakini si mwingi kama wa Korona, na mashine nyingi za hospitali zinazopima virusi hivyo kwa pamoja zimepewa kibali kwa sampuli ya puani. Ndiyo sababu msomaji anaweza kumwomba daktari mate na akajibiwa kwamba maabara yake haina ruhusa. Daktari hasemi uwongo.

Yapo na matatizo mengine ambayo hayasikiki sana. Mate mengine ni mazito kama gundi, fundi wa maabara hawezi kuyavuta katika mrija wake. Mgonjwa aliyezidiwa au aliyekaukiwa na maji hana mate ya kutoa. Wazee wengi hutumia dawa za presha, za mzio au za usingizi ambazo hukausha kinywa. Mtoto wa miaka miwili hajui kutema. Ukimwambia ateme atameza. Kwa hao, baadhi ya maabara hutumia sifongo ndogo ya kuweka chini ya ulimi au shavuni.

Na kuna kosa moja ambalo tumelishuhudia kwa macho yetu katika nyumba zaidi ya moja. Vile vipimo vya haraka vya nyumbani, vyenye mistari miwili, vingi vyao vimetengenezwa kwa majimaji ya tundu la pua, pale karibu na mlango wake tu, wala si mbali. Mtu akichukua kipimo cha namna hiyo akakipaka mate kwa kuwa amesikia mate yanafaa, jawabu atakalopata halina thamani. Mwezi wa Januari 2022, idara ya dawa na vyakula ya Marekani ilibidi iwaonye watu wasijipime kooni kwa vipimo vilivyoidhinishwa kwa pua. Vipo vipimo vya haraka vya mate, lakini kwa jumla ni dhaifu kuliko mate yaliyopelekwa maabara kwa PCR. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo ya kufuatwa. Asiyeweza kuisoma lugha yake amwombe mtoto wa skuli amsomee, wala hapana aibu.

Atakayetakiwa kutoa mate ajue masharti yake. Kwa kawaida huambiwa asile, asinywe, asitafune, asivute sigara wala asipige mswaki kwa muda wa nusu saa kabla. Kwetu sisi hapo inaingia udhu, kwani kusukutua ni katika sunna zake, nayo maji huyapunguza mate na kuyaosha. Basi mtu ajipime kwanza kisha ndipo atawadhe, au angoje nusu saa baada ya sala. Mswaki wa mti nao huhesabiwa. Ama tambuu, tunawaomba radhi kina bibi wetu, lakini mate mekundu yenye chokaa na katu hayatapokelewa na maabara yoyote. Kichupa hakitaki povu wala makohozi mazito, isipokuwa karatasi ya maelezo imesema kohoa kwanza; hutaka yale mate mepesi yanayojikusanya chini ya ulimi mtu akiinamisha kichwa na kusubiri.

Ramadhani iliyatia watu wasiwasi mkubwa zaidi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, kitu chenye kiwiliwili kikipenyezwa kwa makusudi katika tundu lililo wazi mpaka ndani hubatilisha saumu, kwa hivyo suali la kijiti halikuwa la kijinga. Dar al-Iftaa ya Misri ilisema kijiti hakifunguzi, na mwaka 2021 Idara ya Mambo ya Kiislamu ya Dubai ikasema vivyo hivyo, kwa kuwa hakipeleki chakula wala dawa tumboni. Waliobaki na shaka walijipima usiku. Kwa mate suali ni jepesi: mate ya mwanadamu ni tohara, kuyameza yakiwa kinywani mwako hakufunguzi, na kuyatema hakufunguzi. Taabu ya mate katika Ramadhani ni ya kimaumbile, kwani saa za alasiri kinywa kimekauka, na kujaza hata kiasi cha nusu kijiko cha chai ni kazi. Asubuhi ni bora, nusu saa au zaidi baada ya daku. Mwenye shaka katika hukumu amuulize sheikh wake, sisi tumenakili tu.

Limebaki jambo la haya. Mtu mzima wa kwetu kutema mate mbele za watu, tena mbele ya mkwe au kijana wa kiume asiyemjua, ni jambo zito, na tumeona mama mmoja aliyekubali kutiwa kijiti kuliko kutema kichupani mbele ya muuguzi. Hapa dawa ni ndogo: aombe chumba au pazia, au aombe achukue kichupa nyumbani. Mate hayaharibiki upesi. Yale waliona kwamba virusi hubakia vikionekana katika mate hata baada ya siku kadhaa bila barafu, kwa hivyo hakuna haja ya kumsimamia mtu.

Tulimsomea bibi yetu ukurasa huu kabla ya kuupeleka kwenye mashine ya kunakili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kweli Wajapani walibandika picha za malimau. Tukamwambia ni kweli. Wiki iliyofuata mwanawe alikwenda naye kwa daktari wake kwa ajili ya dawa za moyo, akaomba iandikwe katika jalada lake kwamba anatumia dawa za damu na kwamba alitokwa damu alipopimwa mwaka 2021, ili atakapougua tena apimwe kwa sampuli ya mlango wa pua au ya mate ikiwa ipo. Daktari aliandika. Alisema hilo la mlango wa pua analiweza leo hii, kwani kijiti chake hakipiti hata ukucha mmoja, na la mate atauliza maabara. Bibi ametaka aoneshwe kwanza urefu wa hicho kijiti kifupi, naye ameoneshwa.